Mwaka mpya, mtazamo chanya na kukua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ukianza watu wanauliza mambo yale yale, na ni maswali ya maana kabisa, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa jinsi ninavyoamini, pamoja na tafiti chache ambazo naona kila mtu anayejaribu kubadilika anafaa azijue. Kitu kimoja utakiona kinajirudia kwenye majibu karibu yote: mtazamo chanya unajengwa na kitu kidogo unachokifanya tena na tena, na namna unavyojitendea siku ambayo umeshindwa kukifanya.

Hivi huo mtazamo chanya ni nini hasa? Ni kutabasamu tu hata mambo yakiwa mabaya?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapotea mapema. Mtu mwenye mtazamo chanya analiona tatizo kama wewe unavyoliona, anaumia, anakasirika, analia, ila ndani yake anaamini kuna kitu japo kidogo anaweza kukifanya na kikasaidia. Basi, ni hilo tu. Mtu amepoteza kazi leo halafu unamwambia "we kuwa chanya tu", hapo hujamsaidia, umemnyamazisha. Kuumia ni haki yake, swali la "sasa nafanya nini" litakuja likifika wakati wake.

Kuna utafiti wa zamani naupenda sana kwenye hili. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier wa Marekani walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme ambazo hawakuweza kuzizuia, wengi wao baadae walilala tu chini wakavumilia hata pale ambapo wangeweza kuruka na kutoka. Kwa miaka mingi ikaelezwa kwamba wanyama wale walijifunza kukata tamaa. Sasa mwaka 2016 watu hao hao wawili wakaandika upya, wakasema tulielewa kinyume: ubongo ukiteseka kwa muda mrefu kulala chini ndo hali yake ya kawaida, kinachojifunzwa ni ile hali ya kujua kwamba naweza kufanya kitu. Mimi hii inanipa moyo kweli kweli, maana ina maana kwamba mtu aliyekata tamaa hana kasoro yoyote, kuna somo tu hajalipata na somo hilo linapatikana kwa kufanya, tena vitu vidogo vidogo ambavyo ana uwezo navyo.

Kwani tarehe 1 Januari ina maajabu gani? Si siku kama siku nyingine?

Ni siku kama nyingine, ndio. Mwaka kuanza Januari ni jambo la kalenda za Kirumi tu, Julius Caesar ndo aliyeipanga upya kalenda hiyo na ikaanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, na huko duniani kuna kalenda nyingine ambazo mwaka wake unaanza miezi tofauti kabisa.

Ila usiidharau. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba watu wanatafuta habari za kupunguza uzito, wanaenda jimu na wanajiwekea malengo zaidi mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa mwaka, hata baada ya sikukuu zao za kuzaliwa. Siku ya namna hiyo inakusaidia kuona makosa ya nyuma ni ya mtu wa jana. Na wale wanaosema maazimio ya mwaka mpya ni kupoteza muda, waambie kuna utafiti wa John Norcross na wenzake wa mwaka 2002, walifuatilia watu walioweka azimio na watu waliotamani mabadiliko yale yale lakini hawakuweka azimio, baada ya miezi sita asilimia 46 ya walioweka walisema bado wanaendelea vizuri, na wale wengine ni asilimia 4 tu. Kwa hiyo kuamua kuna nguvu yake, tusidanganyane.

Kila mwaka naanza kwa moto, ikifika Februari nshaacha. Shida yangu ni nini?

Shida mara nyingi haiko kwako, iko kwenye ukubwa wa ulichojitwika. Mtu usiku wa kuamkia mwaka mpya anakaa anaandika: niamke saa kumi na moja, nikimbie kila siku, nisome kitabu kila wiki, niache kula ovyo, niweke akiba, nijifunze lugha, nipunguze simu. Yote yaanze kesho! Hiyo ni nguvu ya soda, inafoka ikifunguliwa halafu inatulia. Na wahenga walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Janet Polivy na Peter Herman wa Kanada wameandika sana kuhusu hili, wanasema watu wanajipa matumaini ya uongo ya aina nne: kwamba mabadiliko yatakuwa makubwa, yatakuja haraka, yatakuwa rahisi, na yakishafika kila kitu kingine maishani kitanyooka. Hebu jiulize azimio lako la mwaka jana lilikuwa na mangapi kati ya hayo manne. Halafu kuna kitu kingine ambacho watafiti hao hao walikiona kwa watu walio kwenye dayati, mtu akivunja sharti kidogo tu anasema "ah, si nishaharibu, acha nile tu nimalizie", yaani kosa la dakika tano linageuzwa kuwa kosa la siku nzima, mwisho linakuwa la mwaka mzima. Hapo ndo Februari inapokukuta.

Na kuna hili la furaha ya kupanga. Kupanga kunaleta raha, unajisikia kama umeshafanya tayari, una daftari jipya, kalamu mpya, umepiga picha umeweka status na watu wamekupongeza. Siku ya kwanza ya kazi yenyewe hakuna anayekupongeza. Kama hujajiandaa kwa ukimya huo utaona kama kuna kitu kimeharibika wakati mambo yako sawa tu, hivyo ndivyo kazi ilivyo.

Sasa niweke malengo mangapi?

Moja. Kama wewe ni king'ang'anizi sana, mawili. Jingine likisubiri hadi la kwanza liwe linakwenda lenyewe bila kulisukuma halitakufa, litakusubiri.

Nalisemaje hilo lengo? Au maneno hayana tofauti?

Yana tofauti. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti kutoka Uswidi uliofuatilia watu zaidi ya elfu moja kwa mwaka mzima, ambao malengo yao yalikuwa ya kuanza kitu walifanikiwa kwa asilimia 58.9, ambao yalikuwa ya kuacha au kukwepa kitu walikuwa asilimia 47.1. Kwa hiyo badala ya "niache kukaa na simu usiku", sema utafanya nini saa hiyo. Akili inahitaji pa kwenda, ukiiambia tu "usiende kule" itakaa palepale mlangoni inachungulia.

Nikishalipata lengo nifanye nini ili lisibaki maneno kwenye daftari?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na ndo ningependa ulisome polepole. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amefanya kazi miaka mingi kwenye kitu kimoja rahisi mno: mpango wa "ikitokea hivi, nafanya hivi". Katika utafiti wake mmoja na Veronika Brandstätter wa mwaka 1997, wanafunzi waliombwa waandike ripoti ndani ya siku mbili baada ya mkesha wa Krismasi, wakati ambao kila mtu yuko likizo. Walioambiwa wataje kabisa wataandika lini na wapi, karibu robo tatu waliandika. Ambao hawakutaja, ni kama theluthi moja tu. Nia ilikuwepo kwa wote, tofauti ilikuwa saa na mahali.

Tuchukulie lengo ni "mwaka huu nisome zaidi". Fungua daftari ukurasa mpya, na juu usiandike "kusoma", andika hivi: *Nikishachomeka simu kwenye chaji saa tatu usiku, nakaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, nasoma kurasa mbili.* Angalia kilichomo. Kuna kitu ambacho tayari unakifanya kila siku (kuchomeka simu), kuna saa, kuna kiti, na kuna kiasi ambacho hata ukiwa hoi huwezi kusema kimekushinda. Chini yake andika mstari wa pili wa kizuizi, na huu watu wengi wanausahau: *Nikirudi nimechelewa na nimechoka, nasoma ukurasa mmoja tu, hata nikiwa nimesimama.* Halafu inuka sasa hivi, peleka kitabu kwenye kile kiti, kiache kimefunguliwa ukurasa wa kuanzia, na chaja ihamie chumba kingine mbali na kiti. Kazi hii yote haizidi dakika kumi, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko maazimio ishirini yaliyoandikwa kwa wino wa rangi.

Unaweza kuibadilisha kwa lengo lolote. Nikishapiga mswaki asubuhi, natembea hadi kona na kurudi. Nikikaa kwenye basi, nafungua somo la lugha kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akinipandishia sauti, nameza mate kwanza ndo najibu.

Nimesikia tabia mpya inajengeka kwa siku 21. Ni kweli?

Sio kweli, na imevunja watu wengi moyo. Inaanzia kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya baada ya upasuaji. Alisema *angalau*, na alikuwa anazungumzia kuzoea sura kwenye kioo, kumbe watu wakalichukua wakaligeuza sheria ya kila tabia duniani.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, uliochapishwa 2010, ulifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja alichagua kitu kidogo cha kufanya kila siku kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Wastani wa kufika mahali ambapo unakifanya bila kufikiria ulikuwa siku 66, lakini wengine ilikadiriwa ni siku 18 na wengine hadi 254. Vitu rahisi viliwahi, mazoezi yalichelewa. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 bado unajisukuma, uko sawa kabisa, endelea.

Nimeruka siku mbili, je nianze kuhesabu upya?

Usihesabu upya. Katika utafiti huo huo wa Lally, kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana katika kujengeka kwa tabia. Kinachoharibu ni zile hadithi unazojisimulia baada ya kuruka, eti "mimi ndo zangu, sina nidhamu, hata shule nilikuwa hivihivi".

Watu wengi wanaogopa kwamba wakijionea huruma watadeka. Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walilijaribu hilo, wakachapisha 2012: watu walifeli mtihani mgumu wa msamiati, kundi moja likaambiwa kwa upole kwamba kupata shida kwenye mtihani ule ni kawaida na wasijilaumu kupita kiasi, kisha wote wakapewa muda wa kujisomea kabla ya mtihani wa pili. Wale wa upole ndo walijisomea kwa muda mrefu zaidi kuliko wengine. Yaani aliyejisamehe ndiye aliyerudi kazini. Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi, na mhunzi anayekaa kulia koleo siku tatu anachelewesha kazi tu.

Kanuni yangu kwa hili ni fupi: siku ya kurudi, rudi na kile kiasi kidogo kabisa. Usijaribu kufidia. Mtu anayeruka siku mbili halafu siku ya tatu anataka afanye za siku tatu, siku ya nne hutamwona.

Nikijiambia kila asubuhi mbele ya kioo "mimi ni mshindi, mimi ni tajiri" inasaidia?

Inategemea unajionaje tayari. Joanne Wood na wenzake huko Kanada walichapisha mwaka 2009 utafiti ambapo watu walirudia sentensi ya kujiambia kwamba wanapendeka. Waliokuwa wanajiamini tayari walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa hawajiamini, ambao ndo hasa tunawaambia waseme maneno hayo, walijisikia vibaya zaidi! Na ukifikiria inaeleweka, ukijiambia kitu ambacho moyo wako haukikubali, moyo unaanza kukujibu kwa ushahidi wote ulionao wa kinyume.

Kwa hiyo jiambie maneno ambayo hayawezi kubishiwa. "Jana nilisoma kurasa mbili." "Nimewahi kupita kwenye kipindi kigumu kuliko hiki." "Sijui kufanya hiki lakini najua nianzie wapi." Maneno ya namna hii hayana mbwembwe, ila yana miguu ya kusimamia.

Na ile ya kufumba macho na kujiona nimeshafanikiwa?

Hapa nitakuwa muwazi, wengi wanaoifundisha wanaifundisha nusu. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia mwingine wa Kijerumani, pamoja na Thomas Wadden, walichapisha mwaka 1991 utafiti wa wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi. Lakini waliokuwa wakiota picha tamu tamu za jinsi watakavyokuwa wembamba na watakavyosifiwa, walipungua kidogo kuliko wenzao. Tarajio na ndoto vinafanana kwa nje lakini havifanyi kazi moja. Ndoto tamu inaupumzisha mwili, mwili unaona kama safari imekwisha.

Oettingen hakusema tuache kuota. Njia aliyoipendekeza ni kwamba ukishaota matokeo, papo hapo uvute picha ya kizuizi kilichomo ndani yako (woga, uvivu wa jioni, hasira, kutaka kufurahisha kila mtu), halafu ndo uunganishe na ule mpango wa "ikitokea hivi nafanya hivi". Ota, ona kizuizi, panga. Ukiishia kuota tu umejistarehesha.

Akili yangu inakimbilia mabaya muda wote. Nina tatizo?

Binadamu karibu wote tuko hivyo. Roy Baumeister na wenzake mwaka 2001 walipitia tafiti nyingi wakakuta baya lina nguvu kuliko zuri karibu kila mahali, tusi moja linakaa kichwani kuliko sifa tano. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuwa na fikra hasi, zitakuja tu, kazi yako ni kutozikabidhi usukani.

Vitu viwili ningekushauri ujaribu. Cha kwanza, ongea na nafsi yako kwa kujiita jina lako. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake mwaka 2014 walionyesha kwamba watu wanaojiita kwa jina au kusema "wewe" wanapojiandaa kwa jambo la kutisha wanatulia zaidi kuliko wanaosema "mimi, mimi, mimi". Ukijiambia "sasa fulani, hapa umeogopa, lakini hotuba umeiandaa" unajiona kama unavyomwona rafiki yako, na rafiki huwa tunamshauri vizuri kuliko tunavyojishauri wenyewe.

Cha pili ni kuandika kinachokusumbua. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker tangu mwaka 1986 aliwaomba watu waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza, bila kujali sarufi wala mwandiko, na baadae walienda kliniki mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Wakati wa kuandika unaweza kujisikia vibaya kidogo, hiyo ni kawaida, faida inakuja baadae. Karatasi sio lazima uitunze, ukitaka ichane.

Daftari la shukrani ni kweli au ni fasheni tu?

Ni kweli ila usitarajie muujiza. Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003 waliwaomba watu waandike mambo hadi matano ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, na hao wakawa wanayaona maisha yao kwa uzuri kuliko walioandika kero. Siri ni kuandika kitu mahususi. "Nashukuru kwa familia" ukiandika mara kumi inakufa. "Nashukuru mdogo wangu alipiga simu bila kuwa na shida yoyote, alitaka tu kunisalimia" hiyo ina uhai.

Mimi ndivyo nilivyoumbwa. Mtu mzima anaweza kubadilika kweli?

Kuna mama mmoja namfahamu, alianza kujifunza kompyuta akiwa ameshapita miaka hamsini. Siku za mwanzo alikuwa anashika mausi kwa mikono miwili, mmoja wa kusogeza na mwingine wa kubonyeza, na akibonyeza alikuwa anainua mausi juu ya meza kana kwamba itamuuma. Vijana darasani walikuwa wanamaliza zoezi yeye bado anatafuta herufi. Ila alikuwa na kidaftari kimekunjwa kwenye mkoba, kila akitoka anaandika mstari mmoja tu wa kitu ambacho wiki iliyopita hakukijua: *leo nimejua kusevu. Leo nimejua kurudisha kilichofutika. Leo sikumwita mwalimu.* Akivunjika moyo hakuwa anajipa hotuba, alikuwa anafungua kidaftari na kusoma kuanzia juu. Sasa hivi barua zake anaandika mwenyewe na anamfundisha jirani yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani Carol Dweck ndiye anayejulikana sana kwa utafiti wa imani kwamba uwezo unakua. Yeye na Claudia Mueller mwaka 1998 walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili ("una akili kweli") wakipewa kuchagua wanachagua kazi rahisi, na wakifeli wanashuka, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Lakini lazima tuseme na upande wa pili, utafiti mkubwa uliofanywa shule za sekondari Marekani na kuchapishwa 2019 ulikuta kwamba somo fupi la kuwafundisha wanafunzi imani hiyo lilipandisha kidogo maksi za wale waliokuwa nyuma. Kidogo. Imani inafungua mlango, kuingia na kukaa ndani ni mazoezi, mwalimu mzuri na muda. Kuna mambo pia hayabadiliki, urefu wako ni huo huo, na mtu mpole sana hana haja ya kugeuka mchangamshaji wa shughuli, akue ndani ya upole wake.

Watu wanaonizunguka wananikatisha tamaa. Nifanyeje?

Kama ni rafiki, punguza kumweleza mipango yako, mweleze matokeo. Kama ni mzazi au mwenza huwezi kumkimbia, na wala sikushauri, wengi wao wanaongea kwa woga, wanaogopa usije ukaumia. Kaa naye siku ametulia, mwambie unachojaribu na kwa nini, halafu muombe kitu kimoja kidogo cha vitendo, kama vile akuachie nusu saa ya utulivu jioni. Mtu akishakuwa na sehemu kwenye jambo, mara nyingi anaacha kulipinga. Na tafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kumtumia ujumbe kila wiki "nimefanya" au "sijafanya" bila kuhukumiwa.

Nikiingia mitandaoni naona wenzangu wote wamefika mbali, mimi bado.

Unalinganisha siku yako nzima, pamoja na usingizi na madeni yake, na sekunde ishirini za siku ya mwenzako alizozichagua mwenyewe. Ukiona akaunti fulani kila ukiifungua unatoka ukiwa mdogo, inyamazishe, hakuna atakayejua. Kipimo chako ni wewe wa mwaka jana.

Sina hela ya kozi wala kocha.

Hakuna hata kimoja nilichokitaja hapa kinachohitaji hela zaidi ya karatasi na kalamu. Ongeza usingizi wa saa saba na zaidi kwa usiku, na mwili utembee, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Mtu asiyelala hata umpe falsafa gani mudi yake itamshinda.

Nimejaribu yote lakini wiki kadhaa sasa sina raha na kitu chochote. Nakosea wapi?

Hukosei popote, tafadhali sikiliza vizuri hapa. Huzuni au kukosa hamu na kila kitu kukikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, kukosa nguvu, kujiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una matibabu ya mazungumzo na ya dawa na watu wanapona. Mtazamo chanya hautibu sonona na yeyote anayekwambia umeumwa kwa sababu huna imani ya kutosha anakuonea. Nenda kituo cha afya, mwambie daktari, nesi au mshauri nasaha wazi wazi. Kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri kesho na usibaki peke yako, mwite mtu unayemwamini sasa hivi akusindikize kupata msaada. Malengo ya mwaka yatakusubiri, wewe kwanza.

Nitajuaje kwamba kweli nakua?

Usiangalie mudi, mudi inapanda na kushuka. Angalia umbali kati ya kuanguka na kurudi. Kama zamani ukikosea ulikuwa unapotea mwezi mzima na sasa unapotea siku tatu, umekua sana hata kama hakuna aliyeona. Angalia pia vitu ambavyo zamani vilikuchukua nguvu nyingi na sasa unavifanya huku unawaza mambo mengine. Na kila mwisho wa mwezi kaa dakika chache ujibu maswali matatu kwa kuandika: nini kimeenda, nini kimekwama, mwezi ujao nabadilisha kitu gani *kimoja*. Kama lengo lenyewe umegundua ulilichukua kwa sababu watu wanalipenda na sio wewe, liache bila aibu, hiyo nayo ni hatua.

Mwaka tayari umefika katikati. Nimechelewa, nisubiri Januari?

Usisubiri. Rudi kwenye ule utafiti wa 2014 wa Hengchen Dai na wenzake, Jumatatu ilifanya kazi, tarehe moja ya mwezi wowote ilifanya kazi, na siku ya baada ya birthdei yako pia. Na ukweli ni kwamba hata Jumatano saa nane mchana inatosha kama una sentensi yako yenye saa na mahali. Iandike kabla hujafunga simu, andika na mstari wa kizuizi, kisha kile kiasi kidogo cha leo kifanye leo.